UZI: Jazi ya kupigwa mbele ya macho yako, na masikio ya mtu wa Malindi

MwanaCasuarina (mwenye uzi)

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Uzi huu nimeuahidi siku nyingi, lakini kila nikitaka kuanza mnanivuta kwenye ubishi wa nani mkali, Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu wa muziki wa dansi. Ubishi huo tuuache ulipo. Leo ni jazi, tena si jazi ya kwenye simu. Nasema ile ya kukaa kitako ukamwona mpigaji anafuta jasho.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Malindi. Hoteli za upande wa Casuarina nimezifungulia spika kwa miaka, na huo ndio mlango nilioingilia, maana meza za pale mtu wa kipato changu hazilipii. Fundi halipi. Unaitwa jioni maik inapiga kelele, unaitengeneza, kisha unamwambia meneja, "Nitakaa huku nyuma, isije ikaharibika tena." Msimu wa kaskazi, kuanzia Krismasi hadi Pasaka, Waitaliano wakijaa mjini, hoteli zilikuwa zikileta bandi ndogo: piano, besi kubwa ya kusimama, dramu, na saksafoni Mungu akijaalia. Waitaliano na jazi wametoka mbali. Kwao Perugia kuna tamasha la Umbria Jazz tangu 1973, na wateja wengine walizijua nyimbo kuliko waliokuwa wakizipiga.

Lakini sikio lilianzia nyumbani. Baba alikuwa na redio ya masafa mafupi, na usiku ukitulia alikuwa akiitafuta Sauti ya Amerika. Kulikuwa na mtangazaji, Willis Conover, aliyeanza kipindi chake cha jazi 1955 akakishikilia mpaka alipofariki 1996. Kiingereza chake alikisema polepole makusudi, akijua wanaomsikiliza si wenye lugha: wako Warsaw, wako Moscow, na kumbe na Malindi wako. Baba Kiingereza hakukijua cha maana. Alijua majina: Duke Ellington, Count Basie, Louis Armstrong. Armstrong mwaka 1960 alizunguka Afrika, Leopoldville (Kinshasa ya leo) akabebwa juujuu kitini, Nairobi pia akafika. Baba hakwenda kumwona, na hadi uzee wake alikuwa akilitaja jambo hilo kwa hasira, kana kwamba kuna mtu alimfungia mlango.

Redioni niliipenda. Kuielewa, niliielewa nilipoiona. Redioni unasikia mambo yaliyokwisha amuliwa. Ukumbini unaona yanavyoamuliwa. Mpiga besi anamtupia jicho mwenzake, mpiga piano anaachia nafasi, dramu anapunguza, na wewe unajua kuna kitu kimetokea kabla hujakisikia.

Kwa wale ambao jazi kwao ni kelele, nieleze kidogo. Nyimbo nyingi za jazi zina baa 32 (baa ya muziki, fungu dogo la mapigo, si baa ya pombe): kipande A, kinarudiwa, kisha kipande B ambacho ni tofauti, halafu A ya mwisho. Bandi inaupiga wimbo mzima mara moja, vile ulivyo, unautambua. Baada ya hapo wimbo unapotea na mgeni anadhani kila mtu ameshika lake. Haukupotea. Piano na besi wanazunguka kodi zilezile (kodi za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za serikali), baa 32 zikiisha wanaanza upya, na mwenye saksafoni anatunga juu yake wimbo mwingine ambao hata yeye hajawahi kuusikia. Dawa ni kuuimba ule wimbo wa kwanza kimoyomoyo wakati yeye anatunga. Ukifika kwenye B utamsikia naye amekata kona palepale. Jioni hiyo ikikupata, umekwisha! Zikiwa ni bluzi mambo ni mepesi zaidi, baa 12 tu. Na mwisho mwisho utasikia wanagawana: saksafoni baa nne, dramu baa nne, wanajibizana, mpaka wakubaliane kurudi kwenye wimbo.

Niwape kisa cha piano. Piano na bahari haviivani. Unyevu unavimbisha mbao, chumvi inakula nyuzi, na mtu wa kuirekebisha sauti yake mpaka aitwe kutoka mbali. Sisi tulikuwa tukiwasha globu ndogo ndani ya kabati lake mchana kutwa ili kukimbiza unyevu, na bado funguo zingine zilikuwa zikigoma, unabonyeza inabaki chini. Jioni moja akaja mpiga piano, mgeni, akaketi peke yake kabla ya watu, akapitisha vidole ufunguo mmoja mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Hakulalamika. Alipoanza kupiga nikawa namsubiri akwame. Badala ya kuzikwepa zile mbovu, alizifanya ndio ngoma yake: kila akipita anaugonga ule uliokufa, tak, na dramu akamdaka.

Miaka baadaye nikasoma habari za mpiga piano Keith Jarrett, Köln, Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975. Aliletewa piano siyo: ndogo, sauti za juu nyembamba, pedali zina kasoro. Alitaka kuondoka. Akabembelezwa na msichana aliyeandaa onyesho, bado hata miaka ishirini hana. Akapiga zaidi ya saa nzima akibuni tu, akikaa sana katikati ya piano kwa sababu pembeni hapakufaa, na rekodi yake ikauzwa mamilioni. Watu wanaisifu rekodi. Mimi namfikiria aliyekuwa ameketi safu ya tatu, hajui kama jamaa atamaliza.

Sasa hivi hoteli moja, sitaitaja, imeondoa bandi. Kuna kijana na kibodi, muziki umo kwenye flashi, yeye anaimba juu. Mashine haijui kama B imefika au haijafika. Spika zao zikiharibika natengeneza, nachukua changu, naenda nyumbani.

Karibuni. Nani mwingine humu ana ugonjwa huu?

Kijana_wa_Kisauni

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, jazi si ule muziki wa kwenye lifti? Wa kusubiria daktari wa meno? Halafu YouTube ipo, bando lipo, kwa nini mtu ajipeleke kukaa nyuma ya hoteli na mbu?

MwanaCasuarina

Marahaba kijana wangu. Wa kwenye lifti umetengenezwa usisikike, ndiyo kazi yake. Usiwahukumu waliofanya kazi kwa jasho kwa sababu ya lifti.

Kuhusu YouTube nitakujibu kifundi. Mwaka 1956, tamasha la Newport kule Marekani, bandi ya Duke Ellington. Wakati huo watu walikuwa wakisema Duke amekwisha. Tarehe 7 Julai, usiku umeenda, wengine wameanza kuondoka, Duke anaunganisha vipande viwili vya bluzi na katikati anamwachia Paul Gonsalves, mpiga saksafoni. Akazunguka mizunguko 27. Ya bluzi, baa 12 kila mmoja, piga hesabu. Watu wakasimama juu ya viti, wakacheza, waandaaji wakaogopa fujo. Sasa sikia. Jukwaani kulikuwa na maik za kampuni ya rekodi na maik ya Sauti ya Amerika. Gonsalves akapulizia ya redio! Kwenye sahani ya santuri iliyouzwa saksafoni yake iko mbali, na vipande vingine vya sahani ile vilirudiwa studio wakaongezewa makofi. Mpaka kanda ya redio ilipopatikana, mwaka 1999 ndipo zikaunganishwa mbili pamoja, upande huu na upande huu, watu wakasikia kilichotokea. Zaidi ya miaka 40 dunia nzima ilikuwa inasikiliza maik isiyo yake. Waliokuwa pale Newport hawakuhitaji kungoja.

Mbu ni haki yako kulalamika.

Kijana_wa_Kisauni

Duh. Hiyo ya maik imenigonga. Nimeitafuta naisikiliza sasa hivi. Mzunguko wa kumi hivi naanza kusikia watu wanapiga mayowe.

Amu_Mkomani

Assalaam alaykum. Ami, umesema maneno mazuri lakini mbona umeruka Lamu? Sisi haya ya kutunga papo hapo hatukuyapokea kutoka hotelini.

Nimekua Mkomani, na nimemsikiliza marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, Mungu amrehemu, alifariki 2016. Watu wanazikumbuka nyimbo zake. Mimi nikienda kwa ajili ya taksim, kabla wimbo haujaanza. Anaingia na udi peke yake, hana ngoma, hana fidla nyuma, anatafuta maqamu, yaani ule mpangilio wa sauti atakaoutembea. Anashuka, anapanda, anatoka kwenye maqamu hii anachungulia ile ya pili, wazee wanasema "Allah!" kwa sauti ya chini, anarudi. Mcheza bao mzuri hukaa vile, mkono uko hewani na kete, kichwani keshafika mitaji mitatu mbele. Hakuna taksim mbili zilizofanana. Aliyeizoea hiyo, jazi gani itamtisha?

Na zumari je? Nenda ukaone kirumbizi siku ya harusi, wanaume na bakora zao, mpiga zumari anapuliza muda mrefu sauti haikatiki. Hewa anaiweka mashavuni, anavuta nyingine kwa pua huku ile ya mashavu inaendelea kutoka. Ngoma za vumi na chapuo zinamfuata, naye anazifuata. Akiona bakora zimepamba moto anabadilisha. Hakuna karatasi pale, anaangalia watu.

MwanaCasuarina

Ami Mkomani, nimekusoma mara mbili. Umenifungulia mlango wa kitu nilichotaka kukisema.

Alikuwako mpiga besi wa New York, Ahmed Abdul-Malik, aliyekuwa bandi moja na mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1958 pale klabu ya Five Spot. Mwaka huohuo akatoa sahani yake, *Jazz Sahara*: udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu), fidla, na humo humo Johnny Griffin na saksafoni yake, bluzi tupu. Griffin wala hajibadilishi kuwa Mwarabu, anapiga yake, na kanuni inamjibu. Nilimpigia sahani hiyo mzee mmoja wa taarabu hapa Malindi bila kumwambia ni nani. Akatikisa kichwa, akasema huyu wa filimbi kubwa ana haraka lakini anasikia. Sijapata kusoma mhakiki aliyesema vizuri zaidi.

Na kwa huo upuliziaji wa zumari, mtafute Rahsaan Roland Kirk. Alikuwa kipofu, akipiga saksafoni tatu kwa pamoja mdomoni, na pumzi yake alikuwa akiizungusha vilevile kama ulivyoeleza. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie naye mashavu yake yakivimba unaogopa yatapasuka. Weka picha yake karibu na mpiga zumari wa kirumbizi, utacheka.

Ila tusipake rangi. Taksim na jazi si ndugu wa tumbo moja. Taksim inatembea ndani ya maqamu, mtu mmoja, haina haraka ya kumaliza baa. Jazi inakimbizwa na kodi, na kuna watu wanne au watano wanaoamua kwa wakati mmoja. Linalofanana ni sikio la anayesikiliza: amezoea kumngoja mtu atafute.

Dada_wa_Old_Town

Salaam aleikum wote. Ami, mimi niko Mombasa, taarabu ni yangu. Swali langu ni la adabu. Mimi nikipendezwa nainuka, nakwenda kumtunza, naweka noti, nacheza kidogo, narudi kukaa. Huko kwenye jazi mtu anafanyaje? Nimealikwa mahali nisije nikaaibika.

MwanaCasuarina

Dada yangu, hutaaibika. Mtu akimaliza zamu yake ya kutunga, unapiga makofi hapohapo, wimbo ukiwa unaendelea, usingoje mwisho. Ukitoa "Aah!" katikati, hakuna atakayekulaumu, wengi wanafurahi. Zamu ya besi ndiyo ya kunyamaza, kwa sababu sauti yake ni ndogo na ndipo watu huona nafasi ya kuagiza vinywaji. Mimi hilo linanichoma. Nikiwa kwenye mitambo na watu wakaanza kuongea wakati wa besi, huwa naipandisha kidogo na kumwangalia mhudumu kwa jicho baya.

Kutunza niliwahi kuona. Mama mmoja, mgeni wa harusi, alikwenda mbele akachomeka noti kwenye mdomo wa saksafoni. Jamaa hakuacha kupiga. Alishuka kwenye sauti ya chini kabisa, ile karatasi ikaanza kutetemeka, ikatoa sauti ya ajabu, akaipenda, akarudi hapohapo tena na tena makusudi. Mama akapiga kigelegele. Kwa hiyo ukibanwa sana, tunza.

Msafiri_Nrb

Wakuu, kwa walio bara: Nairobi tamasha kubwa la jazi la Safaricom lilianza 2014, na mapato yalikuwa yakiwaendea watoto wa Ghetto Classics kule Korogocho, wanaofundishwa ala za okestra. Tafuteni pia Aaron Rimbui kwa piano na Kato Change kwa gitaa. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Jazi Duniani, UNESCO waliitangaza 2011, siku hiyo ulizia, hukosi mahali wanapiga. Wa pwani mkipanda boti, Sauti za Busara Zanzibar ipo tangu 2004, si jazi tupu lakini ni muziki wa kupigwa mbele yako, na Ngome Kongwe usiku ni mahali pazuri pa kusikiliza.

Mwenye uzi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga unaziweka wapi?

MwanaCasuarina

Dansi. Dansi tamu, gitaa tatu, lakini dansi. Fungua uzi wake nije kugombana huko.

Ahsante kwa habari za Nairobi. Nami niongeze ya kwetu, maana wengi hawajui jinsi Kiswahili kilivyoingia jazi kule ng'ambo. Mpiga piano Randy Weston mwaka 1960 alirekodi *Uhuru Afrika*, maneno ya Langston Hughes, na ndani yake Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anayasoma kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku sahani hiyo Afrika Kusini mwaka 1964. Halafu Herbie Hancock, mwanzoni mwa miaka ya 70, bandi nzima ilijipa majina ya Kiswahili. Yeye Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, dramu Billy Hart ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, trombone ya Julian Priester ni Pepo Mtoto, na tarumbeta Eddie Henderson ni Mganga. Huyo wa mwisho jina lilimkaa sawasawa: alikuwa daktari kweli, wa hospitali.

Kijana_wa_Kisauni

Pepo Mtoto 😂😂😂 mzee nimeanguka. Nimemaliza ile mizunguko 27. Nipe moja tu ya kuanzia nyumbani kabla sijapata pesa ya kiingilio.

MwanaCasuarina

Kama ni lazima iwe rekodi, chukua iliyorekodiwa mbele ya watu. Bill Evans na wenzake wawili, Village Vanguard, New York, Jumapili tarehe 25 Juni 1961. Ni chumba cha chini ya ardhi, kidogo, kimefunguliwa 1935 na mpaka leo kiko wazi. Vaa spika za masikio, usiku. Utasikia glasi zinagongana, mtu anacheka, mwingine anaongea na mwenzake bila habari kwamba pale mbele wanafanya nini. Msikilize mpiga besi, Scott LaFaro. Hamfuati piano, anazungumza naye. Siku kumi na moja baadaye alikufa kwa ajali ya gari, ana miaka 25. Wale waliokuwa wakigonga glasi ndio waliomwona.

Amu_Mkomani

Inna lillahi.

Ami, vyumba umevigusa na mimi nina la kusema. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu vyumba ni vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana. Ukipiga udi ndani, sauti inakuja karibu mno. Ukitoka kiwandani, katikati ya nyumba, juu ni wazi, kuta ndefu za chokaa, sauti inapanda bila kurudi vibaya. Mwaka jana walipita vijana wawili wageni, mmoja ana saksafoni, mwingine gitaa, tukakaa kiwandani kwangu. Hakuna maik, hakuna spika. Mimi nikaanza taksim, maqamu ya bayati, yule wa saksafoni akakaa kimya muda mrefu sana, mpaka nikadhani hataki. Kisha akaingia na noti moja. Moja tu, akaishikilia. Mke wangu alikuwa dirishani juu, akasema, "Huyo msimpe chai bado."

Dada_wa_Old_Town

Mashallah, shemeji huyo nampenda bila kumjua. Chai akapewa lini?

Amu_Mkomani

Saa sita za usiku. Na viazi karai.

MwanaCasuarina

Ami wewe ungekuwa umenialika ningekuja kwa miguu. Piano hakuna lakini tungepata dumbak na besi, tukaona B itafika wapi.

Amu_Mkomani

Karibu wakati wowote, ila nami nina shida ya kifundi. Udi wangu nimeubandika pikapu, kile kidude cha kunasa sauti, kwa ajili ya harusi, na amplifaya inavuma mmmmm muda wote. Nikishika kile chuma cha plagi inanyamaza. Nikiachia, mmmmm. Kesho baada ya isha kuna shughuli.

MwanaCasuarina

Ukishika chuma ikanyamaza, ardhi ndiyo iliyokatika, wewe mwenyewe umegeuka waya. Fungua plagi ya pikapu, utaona waya wa katikati na ule wa kusukwa wa nje. Wa kusukwa ndio wa ardhi. Nadhani umechomoka au umebaki unyuzi mmoja. Uchome tena kwa risasi ya kuchomea waya. Ukiwa mzima, pima soketi ya ukutani. Na tafadhali usikate ile pini ya tatu ya amplifaya kama wanavyofanya vijana, umeme wa stima haujui kwamba wewe ni msanii.

Amu_Mkomani

Nimefungua. Umechomoka kweli. Sasa chuma cha kuchomea risasi nikaazime kwa nani saa hizi?